Kapsuli siku mbili, ya tatu mapumziko: dozi ya haidroksiyurea kwa mtoto mwenye selimundu (sikoseli)

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano, ana sikoseli, tunaishi Sengerema. Mwezi uliopita kliniki walimpima akawa na kilo 17, wakamwanzishia haidroksiyurea ya miligramu 500. Nimeambiwa nimpe kapsuli moja leo, moja kesho, keshokutwa asinywe, halafu tunaanza upya. Jirani yangu ana binti mwenye ugonjwa huohuo na yeye anakunywa kila siku. Je, mwanangu anapunjwa kwa sababu dawa ni adimu? Tena muuzaji wa duka la dawa kaniambia hiyo ni dawa ya saratani, inashusha kinga, kwa hiyo malaria itammaliza, na akikua hatazaa. Mume wangu anasema bora tungoje tiba mpya ya kurekebisha jeni, amesikia inaponya kabisa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mama. Mwanao hapunjwi. Aliyemwandikia dawa alipiga hesabu, na hesabu yenyewe ni sahihi. Nitakuonyesha ilivyopigwa, kwa sababu baada ya miezi kadhaa itabidi ibadilishwe na ni vizuri uwe unajua.

Dozi ya kuanzia kwa watoto ni kama miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Kilo 17 mara 20 ni miligramu 340. Kapsuli uliyopewa ina miligramu 500 na haikatwi vipande kama kidonge cha kawaida. Ukimpa kila siku atapata miligramu 29 kwa kilo, na hiyo ni kubwa mno kwa mtoto anayeanza. Ukimpa siku mbili kati ya tatu, anapata miligramu 1,000 ndani ya siku tatu, yaani wastani wa 333 kwa siku. Gawanya kwa kilo 17, unapata 19.6. Kumbe ni ileile 20 iliyokusudiwa. Binti wa jirani akiwa na kilo 25, kapsuli moja kila siku inampa 20 kamili. Watoto wote wawili wanapata dozi moja kwa kipimo cha uzito, ila njia ya kuifikia ni tofauti. Kuruka siku moja hakuharibu kitu kwa sababu dawa hii haitulizi maumivu ya siku ileile. Inabadilisha jinsi uloto, yaani ute laini wa ndani ya mifupa, unavyotengeneza damu, na mabadiliko hayo huonekana baada ya wiki na miezi.

Chukua kalenda ya ukutani, zungushia duara siku za mapumziko mwezi mzima kabla haujaanza. Nyumba yenye watu wengi, bibi akimpa asubuhi na dada akampa jioni, mpangilio wa siku mbili kwa moja huvurugika haraka sana. Kama hawezi kumeza kapsuli, uliza kliniki kama wana kapsuli ndogo au dawa ya maji. Usiifungue mikono mitupu, na mwanamke mjamzito asiishike kabisa ikiwa imefunguliwa.

Sasa jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote uliyouliza. Mtoto anakua. Mwanao akifika kilo 20 akiwa bado kwenye mpangilio huohuo, dozi yake imeshuka hadi 16.7 kwa kilo bila mtu kuipunguza. Akifika kilo 22 ni 15. Maumivu yanarudi, mzazi anasema dawa imeacha kufanya kazi, kumbe mtoto amekua na dozi imebaki palepale. Hospitali ya Mulago, Kampala, walilifanyia utafiti jambo hili na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kundi moja la watoto lilibaki kwenye miligramu 20 kwa kilo. Kundi la pili lilipandishwa taratibu, huku damu ikipimwa, hadi wastani wa karibu 30. Shabaha ilikuwa himoglobini, yaani kibeba oksijeni ndani ya damu, ifike 9, au aina yake iitwayo himoglobini F ifike asilimia 20. Waliofikia shabaha hiyo walikuwa asilimia 86 katika kundi lililopandishwa na asilimia 37 katika kundi lililobaki palepale. Waliopandishwa walipata maumivu machache zaidi, walilazwa mara chache zaidi na waliongezewa damu mara chache zaidi, wala madhara ya dawa hayakuzidi. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kwa hiyo kila ukienda kliniki, hakikisha anapandishwa kwenye mzani, kisha uliza: kwa uzito wa leo, anapata miligramu ngapi kwa kilo? Hilo ni swali halali kabisa, na daktari anayejua kazi yake atalifurahia.

Nimeitaja himoglobini F, nayo inahitaji maelezo kidogo kwa sababu pia inajibu swali la mume wako. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini F. Baada ya kuzaliwa, mwili unaizima polepole na kuwasha ile ya ukubwani. Kwa mwenye selimundu, hiyo ya ukubwani ina kasoro: ikikosa oksijeni inajishikamanisha nyuzi kwa nyuzi, chembe nyekundu inakunjika na kuwa ngumu, inaziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana vichanga wengi huonekana wazima, halafu miezi sita au tisa ikipita vidole vinavimba na vilio vinaanza. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliligundua hilo mwaka 1948. Himoglobini F ikiwemo kwa wingi ndani ya chembe, zile nyuzi hazishikamani vizuri. Haidroksiyurea inausukuma uloto uitengeneze tena. Vilevile inapunguza chembe nyeupe, ambazo zikizidi hunata kwenye kuta za mishipa na kuchochea kuziba.

Hapo ndipo hofu ya kinga inapotoka, na muuzaji wa dawa hakuitunga. Dawa inashusha kweli chembe nyeupe aina ya nyutrofili. Tena tunataka zishuke, lakini kwa kiasi: tunalenga kati ya 2 na 4 kwenye karatasi ya picha kamili ya damu. Zikienda chini ya 1, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikashuka chini ya 80, dawa inasimamishwa kwa muda hadi zipande, kisha inaendelea. Hii ndiyo sababu anatolewa damu mara kwa mara miezi ya mwanzo. Wazazi wengi huchoka na vile vipimo, wanaona mtoto anazidi kupunguziwa damu yake ndogo aliyo nayo. Kinachochukuliwa ni kidogo sana, nami nakuomba usikiruke. Kwenye karatasi hiyohiyo tazama mstari wa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mtoto anayekunywa dawa vizuri namba hiyo kwa kawaida hupanda.

Kuhusu malaria, hofu hiyo madaktari pia tulikuwa nayo. Kwa miaka mingi dawa ilitumika Marekani na Ulaya, ambako malaria si tishio, na wengi wetu tulisita kuileta huku. Utafiti wa kwanza wa kulijibu hilo moja kwa moja ulifanyika hukohuko Mulago na kuchapishwa mwaka 2017. Watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waligawanywa, nusu wakapewa haidroksiyurea na nusu kapsuli isiyo na dawa, na wote walikuwa na chandarua na dawa ya kukinga malaria. Mwaka ulipoisha, malaria ilikuwa mara 0.05 kwa mtoto kwa mwaka kwa waliotumia dawa, na 0.07 kwa wasiotumia. Haikuongezeka.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi uitwao REACH, kwenye vituo vinne: Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 walitumia dawa, na matokeo yalitoka mwaka 2019. Huu haukuwa na kundi la kapsuli tupu. Ulilinganisha watoto walewale kabla na baada ya kuanza dawa, kwa hiyo uzito wake ni tofauti na ule wa Mulago. Hata hivyo namba zake zimebadilisha jinsi tunavyotibu. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya malaria yalishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vipindi vya maumivu makali vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Mama, tofauti ya namba hizo mbili za mwisho ni watoto waliobaki hai. Mimi nikiisoma siwezi kumwacha mtoto wa kanda ya ziwa bila dawa hii kwa kuogopa malaria.

Ila usitupe chandarua. Kuna watu wanaoamini kwamba mwenye sikoseli haugui malaria. Anayekingwa kiasi ni yule mwenye jeni moja tu ya selimundu, kama wewe na baba yake pengine mlivyo, jambo ambalo Anthony Allison alilithibitisha Afrika Mashariki mwaka 1954. Mwenye jeni mbili, kama mwanao, malaria humshusha damu vibaya sana.

Ni dawa ya saratani? Ndiyo, ilianza huko, na bado inatumika kwa baadhi ya saratani za damu. Kwa selimundu kazi yake na dozi yake ni nyingine. Watu wazima waliokuwa kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, ulioonyesha dawa inapunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 17. Walioendelea nayo waliishi zaidi, na ongezeko la saratani halikuonekana.

Uzazi hauna jibu la mkato. Kwa wanaume wazima dawa hupunguza mbegu, na kwa wengi zinapanda tena wakiiacha. Selimundu yenyewe pia hupunguza mbegu, hata kwa asiyekunywa chochote. Kwa watoto wanaoanza wadogo, takwimu bado ni chache, na ningependa uzijue hivyo zilivyo. Akifika umri wa kuoa na kutaka mtoto, atazungumza na daktari wake kuhusu kuisimamisha kwa muda. Leo, akiwa na miaka mitano, hatari iliyo mbele yake ni kiharusi, maambukizi na damu kushuka. Kuhusu kiharusi, pale Bugando, Mwanza, utafiti uitwao SPHERE uliwapima watoto kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, na waliokuwa na kasi ya juu wakapewa haidroksiyurea kwa dozi inayopandishwa. Kasi ikashuka. Kipimo kinaitwa TCD, ni kama utrasaundi ya kichwani, hakiumi. Sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni hatari. Sengerema si mbali na Mwanza, omba mwanao aandikiwe.

Sasa tiba ya jeni. Mwambie baba amesikia kitu cha kweli. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Katika utafiti uliowasilishwa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kipindi kikali cha maumivu. Wanachofanya ni kutoa seli mama za damu za mgonjwa, kukata sehemu ya jeni iitwayo BCL11A inayozima himoglobini F, kisha kumrudishia. Ona, mlango ni uleule ambao haidroksiyurea inaugonga kila siku. Lakini kabla ya kurudishiwa, uloto wake wote unafutwa kwa dawa kali iitwayo busulfani, na hiyo ndiyo inayotishia uzazi kuliko kapsuli zako. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kungoja hiyo huku mtoto hatumii chochote ni kumwacha aharibike wengu, figo na ubongo wakati dawa ipo kabatini.

Njia iliyo karibu zaidi ni upandikizaji uloto, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wenye selimundu mwaka 2023. Unahitaji ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Kama ana ndugu wasio na ugonjwa, ulizeni kliniki.

Msikimbilie kila kipya. Voksilota, dawa ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha himoglobini, iliondolewa sokoni dunia nzima Septemba 2024 baada ya tafiti, zikiwemo zilizohusisha Kenya, kuonyesha vifo vingi zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Ilipandisha namba kwenye karatasi, lakini haikuwalinda watoto.

Wakati unaendelea na kapsuli, mambo matatu hayangoji tarehe ya kliniki. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Weupe wa ghafla viganjani na kwenye ulimi pamoja na tumbo kujaa upande wa kushoto. Mwombe nesi akufundishe kupapasa wengu, ni jambo la dakika chache. Na mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, au maneno kukwama. Lolote kati ya hayo likitokea, hata usiku wa manane, mpeleke hospitali na uende na kadi yake pamoja na kopo la dawa, ili wajue anatumia nini na kwa dozi gani.