Websaiti inakwama kila usiku, nilipe pakeji ya juu?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nauza vitenge na madera kwa oda, niko Morogoro, nina websaiti ya WordPress na hosti wangu, yule anayeniwekea websaiti mtandaoni, alinambia pakeji yake ni anlimitedi, nafasi anlimitedi kila kitu anlimitedi. Sasa asubuhi inafunguka fresh tu ila ikifika saa mbili saa tatu usiku, muda ambao wateja ndo wameshika simu, inazunguka weee mpaka mtu anaondoka, saa nyingine inaleta eror 508. Nikilalamika naambiwa wageni wamekuwa wengi nipande pakeji. Mbona oda ni zilezile tano sita? Nilipe?

JIBU: Usilipe kwanza dada yangu.

Chukulia nyumba ya kupanga yenye vyumba 20 na simtanki moja ya lita 1000, halafu mwenye nyumba anamwambia kila mpangaji maji utumie utakavyo. Mchana watu wako kazini hakuna anayegundua, jioni wote wanarudi wanataka kuoga, bomba linatoa matone. Seva yako, yaani kompyuta ya hosti inayobeba websaiti, ndo iko hivyo, mpo wengi kwenye prosesa moja (ubongo wake) na RAM moja (kumbukumbu yake ya kazi). Kuuza zaidi ya uwezo peke yake sio dhambi maana websaiti nyingi muda mwingi zimelala, shida ni pale hosti anapoendelea kujaza watu huku seva imeshachoka na hasemi.

Hiyo 508 sasa. Maana yake akaunti YAKO imegonga kikomo, na hapo ndo watu wengi wanabebeshwa kosa lisilo lao. Seva nyingi za kushea zinatumia CloudLinux, mfumo unaogawia kila akaunti kiasi chake cha nguvu za seva, inakupa idadi ya maombi (mtu akifungua ukurasa hilo ni ombi) yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja, mara nyingi 20. Seva ikiwa nyepesi ombi moja linaisha kwa nusu sekunde, kwa hiyo unahudumia maombi 40 kila sekunde. Ikielemewa na majirani ombi lilelile linachukua sekunde 5, unabaki na maombi 4 tu kwa sekunde, yanayofuata yanapigwa 508. Wateja ni walewale! Halafu unaambiwa umekua ulipe zaidi, inaniuma sana hii.

Pima mwenyewe leo saa mbili usiku. Weka kwenye seva faili la jaribu.html lenye neno moja tu, na lingine dogo la PHP (lugha inayoendesha WordPress) la kuandika tarehe, yafungue kwa simu. Yakisuasua hayo wakati saiti nyingine kwenye bando hilohilo zinafunguka vizuri, ni seva. Yakifunguka chap ila duka linakwama, angalia plagini zako (vile vinyongeza vya WordPress) na picha, picha ya kitenge ya MB 5 moja kwa moja kutoka kwenye kamera inaua saiti yoyote. Ingia pia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia akaunti yako ya hosti, kwenye matumizi ya rasilimali, grafu ya prosesa ikiwa chini huku saiti inakwama, huenda mzigo sio wako.

Ukikuta ni seva waombe wakuhamishie seva nyingine kwa bei ileile, wengine wanakubali ukiwapelekea picha za hizo grafu. Wakikataa hama, ila bekapu (nakala ya websaiti nzima) ishushe kwenye kompyuta kabla hujawaambia, hakikisha domeini (anwani ya websaiti) iko kwa jina lako, na huko unakokwenda lipia mwezi mmoja tu, uijaribu usiku.