Baba na mwana kwenye shairi: anza na nani anasema

Mkuu, umeuliza utalinganishaje mashairi mawili ya baba na mwana wakati kila ukiyasoma unaambulia jambo moja tu, kwamba baba anampenda mwanawe. Nilikwama hapo hapo mwaka wa kwanza chuoni. Nilichora jedwali, kushoto mfanano, kulia tofauti: mikono migumu huku na huku, baba mchapakazi huku na huku. Nikapata 9 kati ya 20. Pembeni mwalimu kaandika maneno mawili: "Nani anasema?"

Mashairi niliyopewa yalikuwa ya Wamarekani. "Those Winter Sundays" la Robert Hayden, la 1962: baba anaamka mapema hata Jumapili, kwenye baridi kali, anawasha moto kwa mikono iliyopasuka kwa kazi za wiki nzima, na hakuna anayemshukuru. La pili "My Papa's Waltz" la Theodore Roethke: baba ananuka wiski, anamzungusha mtoto dansi jikoni hadi vyombo vinaporomoka kwenye rafu, mama kanuna.

Sasa fuata viwakilishi tu. Hayden anasema "baba yangu", nafsi ya tatu mwanzo mwisho. Anatusimulia sisi. Roethke yeye hana habari na sisi kabisa. Kwake kila kitu ni "wewe": pumzi yako, shati lako. Nyumba ya Hayden ilikuwa na hasira na mtoto aliiogopa, kwa hiyo anamsema baba kutoka mbali, ukubwani, akijiuliza mara mbili alikuwa anajua nini yeye. Roethke bado kamng'ang'ania baba shati. Na baba yake halisi alifariki yeye akiwa na miaka 14, kwa hiyo hiyo "wewe" inamwendea mtu asiyeweza kuitika.

Watu hubishana kama pale kwa Roethke ni mchezo au kipigo. Kila baba anapokosea hatua, sikio la mtoto linakwaruzwa na chuma cha mkanda, lakini mapigo ya mistari ni ya dansi, kwa hiyo unajikuta unacheza huku unaumia. Mimi sioni kwa nini uchague upande mmoja. Ukichagua, shairi umeliua.

Ukitaka la kwetu la kuweka karibu, chukua "Utenzi wa Adili" wa Shaaban Robert, aliomtungia mwanawe wa kiume (binti alitungiwa "Utenzi wa Hati"). Humo mdomo ni wa baba, mwana kapewa masikio tu. Hakuna kumbukumbu, mambo yote yako mbele: fanya hiki, kile acha. Baba wa Hayden hatoi wasia wowote. Anapasha nyumba moto, halafu anang'arisha viatu vya mtoto.

Hivyo viatu ndivyo vilivyonishika. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Jumapili jioni akiwa hayupo safarini, anakaa kibarazani na kopo la kiwi na soksi iliyotoboka kisigino, anaivaa mkononi kama glovu, anavipiga kiwi viatu vyangu vya shule. Kile cha kushoto kilikuwa kimeachia soli, basi alikuwa anakisugua taratibu kisizidi kuachia. Haongei. Mimi niko ndani, nimemkasirikia kwa jambo ambalo leo hata silikumbuki.

Baada ya zile 9 nilijaribu kutunga langu. Nilihangaika siku mbili, niandike "wewe" au "yeye"? "Wewe" ilinishinda, hatujazoea kusemeshana hivyo nyumbani. Nikaandika "baba alikuwa", "baba alipenda". Likizo nikamsomea sebuleni. Akasikiliza hadi mwisho, akakohoa, akauliza kama bado nina kopo la kiwi kule chuoni. Mama ndiye aliyepaza sauti kutoka jikoni: "Mbona unamsema kama marehemu, na mwenyewe si huyo hapo?"