Muulize Mjomba wa Mitambo: Nisafiri mpaka Nakuru kwa bendi niliyoisikia kwenye simu tu?

SWALI: Mjomba, pokea salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Nina miaka 22, na kwa miaka miwili sasa nasikiliza rock ya bendi ndogo, ile inayoitwa indie. Mwisho wa mwezi bendi moja ya Nairobi itapiga kwenye ukumbi mdogo huko Nakuru. Binamu zangu wananicheka: mtoto aliyelelewa na benga, muziki wa magitaa wa Kijaluo, yeye na rock wapi na wapi? Nami naona haya kusimama peke yangu kati ya watu wanaojuana. Halafu, nyimbo zao zote ninazo kwenye simu. Kuna nini huko ambacho sina?

JIBU: Nenda, mpwa wangu. Nimeshika mitambo ya sauti miaka 19, mingi yake Nakuru na Kericho. Nimefanya harusi, mikutano ya injili, matanga, na bendi kila nilipoitwa. Shoo ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa na watu 34. Tiketi za mlangoni zilikabidhiwa kwangu, kwa hiyo idadi naijua.

Ulikuwa ukumbi wa ghorofani ambao Jumapili hugeuka kanisa, viti vya plastiki vimerundikwa ukutani. Wimbo wa tatu, waya wa gitaa ukakatika. Kijana yule hakuwa na gitaa la pili. Alipiga magoti palepale, nami nikaacha mitambo nikaenda kummulikia kwa simu. Alitoa waya mpya mfukoni, akaupitisha, akaanza kuuzungusha. Ncha ikamchoma kidole, damu ikatoka, akakifuta kwenye jinzi akaendelea. Muda wote huo mwenzake wa besi alikuwa akizunguka na noti mbili zilezile, naye mpiga ngoma amepunguza mkono mpaka anagusa ukingo tu. Hakuna aliyepiga mluzi wala kutoka. Ukumbi ulikuwa bado na kelele, kwa hiyo ili asikie waya wake, yule kijana alibandika taya kwenye mbao ya gitaa, akafumba macho, akaukaza taratibu hadi ukakubali. Kisha akainuka, akaingia pale pale besi ilipokuwa imefika. Hakurudi mwanzo. Kwenye rekodi wimbo ule una dakika nne. Usiku ule ulikwenda dakika kumi na moja, na sisi 34 ndio tuliousikia hivyo.

Hicho ndicho usichokuwa nacho kwenye simu. Kuna na jingine, la mwili. Waya mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakina ukubwa wa kuutoa mtetemo huo. Ukivaa visikilizi utausikia, lakini utaishia masikioni. Ukumbini utakufikia kifuani na kwenye nyayo, na utaelewa kwa nini mpiga ngoma alichelewa kidogo kwenye ule mstari unaoupenda: alikuwa anamsubiri wa besi. Watazame wanavyoangaliana. Bendi ndogo husemezana kwa macho shoo nzima.

Sasa kuhusu binamu zako. Waulize, D. O. Misiani na bendi yake ya benga, Shirati Jazz, walipokuwa wakifika pale ambapo waimbaji wananyamaza na magitaa yanapanda, mama zao walikaa? Wewe umekua ukisubiri pale. Gitaa la benga lilijifunza kutoka kwa nyatiti yenye nyuzi nane, linakimbia noti moja moja. Bendi nyingi za rock unazozipenda hufanya vivyo hivyo, zinajenga polepole halafu zinaachia. Sikio lako limeshafundishwa, mpwa wangu, na limefundishwa vizuri.

Na waambie habari za Extra Golden. Wanamuziki wawili wa rock kutoka Marekani walikutana na wapiga benga wetu, mmoja wao Otieno Jagwasi, wakarekodi Nairobi mwaka 2004. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2006 kwa jina la Kijaluo, Ok-Oyot System, yaani si rahisi. Kwa Otieno haikuwa rahisi kweli, maana alifariki 2005 kabla haijatoka, jambo ambalo hunihuzunisha kila nikiisikiliza. Lakini sikiliza magitaa yale na uniambie kama unaweza kukata mstari useme benga inaishia hapa, rock inaanzia pale. Mimi nimejaribu, nikashindwa.

Kuhusu kusimama peke yako: fika mapema, wakati bado wanajaribu maikrofoni. Bendi hizi hazina vibarua. Anayeimba ndiye anayebeba amplifaya ngazini. Ukimshikia mtu mlango au waya, umeshapata mwenyeji. Nyimbo mbili za kwanza simama mbele uione mikono yao. Halafu rudi nyuma ukae kando ya fundi wa mitambo. Kule mbele ngoma na amplifaya humeza sauti ya mwimbaji, kwa sababu yeye hutokea kwenye spika kubwa tu. Fundi hupanga sauti kwa masikio yake pale alipo, kwa hiyo panaposikika sawa kuliko kote ni pale alipo.

Lipia chumba mapema, mwachie binamu mmoja jina la mahali utakapolala, urudi asubuhi. Usitafute matatu ya kurudi Kisumu usiku wa manane. Na beba sweta, Nakuru si Kisumu.

SWALI: Mjomba, mimi ni wa Kakamega na napiga gitaa. Indie ni upigaji wa aina gani?

JIBU: Mwanzoni haikuwa upigaji. Ilikuwa habari ya nani analipia rekodi. Mwaka 1977 vijana wa Manchester, Buzzcocks, walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakatoa wenyewe sahani ya santuri yenye nyimbo nne, nakala 1,000 za kwanza, bila kampuni kubwa. Wengi wakaiga, na baadaye jina likashika sauti yenyewe: magitaa yenye mikwaruzo, kuimba bila madoido. Nairobi unaweza kuzitafuta Parking Lot Grass na Crystal Axis, kila moja na ukali wake. Wewe piga kama unavyopiga ngoma ya isukuti ikiwa karibu.

SWALI: Niko Section 58, Nakuru. Nilikwenda shoo Ijumaa, masikio yakalia mpaka Jumapili. Ni kawaida?

JIBU: Hutokea kwa wengi, lakini usiizoee. Sikio langu la kulia linalia ninapoandika haya, na halijanyamaza miaka sita, kwa kuwa nilijiona kijana wa kustahimili spika. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Sauti ya desibeli 85 unaweza kukaa nayo kwa muda wa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu. Zikifika 100, na ukumbi mdogo wenye ngoma hufika upesi, una dakika 15.

Nunua vizibo vya sifongo kwenye duka la dawa. Wengi huvibandika mlangoni tu mwa sikio halafu wanasema havifai. Kisokote kizibo kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu, kiingize, kishikilie kwa kidole mpaka kijae. Muziki bado utausikia, umeshuka tu, sauti nyembamba zikishuka zaidi. Toka nje kati ya bendi na bendi. Mlio ukirudi na kukaa zaidi ya siku mbili, nenda kliniki ya masikio wiki hiyohiyo, na sikio likiziba ghafla nenda siku hiyohiyo.

Na wewe wa Nyalenda, beba jozi mbili. Ya pili ni ya atakayesimama kando yako.