Usianze na muhuri wa chini

Karibu kila anayeingia kwenye biashara ya vyombo vya kauri vya Ulaya hufanya yale yale: anashika sahani, anaigeuza, anaupiga picha muhuri, halafu anakimbilia mtandaoni kutafuta bei. Muhuri ni shahidi, sawa, lakini ni shahidi anayenunulika. Anza na chombo chenyewe.

Washa tochi ya simu nyuma ya sahani, kisha pitisha vidole mbele ya mwanga. Kauri ya kweli, ikiwa nyembamba, itakuonyesha vivuli vya vidole. Chombo cha udongo wa kawaida, hata kiwe cheupe namna gani, kinabaki giza. Kauri ya Kiingereza iliyochanganywa majivu ya mifupa ina weupe wa joto. Ya Ujerumani na Ufaransa mara nyingi weupe wake ni wa baridi. Kisha iweke sahani kwenye ncha za vidole na ugonge ukingo kwa kucha. Ikilia wazi na mlio ukadumu, vizuri. Ikitoa sauti butu, tafuta ufa, upo.

Sasa geuza. Chukua sahani ya Limoges. Limoges ni mji wa Ufaransa, si kiwanda. Udongo mweupe uligunduliwa jirani, Saint-Yrieix, mwaka 1768, na viwanda vikaota vingi. Kwenye sahani nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 utakuta mihuri miwili. Wa kijani uko chini ya glezi, yaani ule utando unaong'aa: huo ni wa aliyefinyanga na kuchoma. Wa pili, mara nyingi mwekundu, uko juu ya glezi: huo ni wa aliyepamba. Ukikuta wa kwanza peke yake na maua yamechorwa kwa mkono, huenda sahani iliuzwa nyeupe na mtu akaipaka rangi nyumbani. Wamarekani wengi walifanya hivyo, na wengine hawakujua kuchora.

Meissen, kiwanda cha mji wa jina hilo huko Ujerumani, ni mtihani mkubwa zaidi. Alama yake, panga mbili za buluu zilizopishana, zimetumika tangu miaka ya 1720, na zimeigwa karibu muda huo huo wote. Kama kuna mikwaruzo iliyokatwa makusudi juu ya panga, kiwanda chenyewe kilikishusha chombo daraja. Na neno “Meissen” limeandikwa tu, bila panga? Mara nyingi ni kazi ya viwanda vingine vya mji ule ule. Sahani ya Sèvres, kiwanda cha Ufaransa, yenye herufi L mbili zilizofungamana, mgeni aiache kwanza. Bandia ni nyingi mno.

Majina ya nchi husaidia kukadiria umri. Sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo “France” au “Germany” kwa kawaida ni baada ya hapo. “Czechoslovakia” haiwezi kuwa kabla ya 1918, wala “West Germany” kabla ya 1949.

Watu wa pwani huuliza kuhusu sahani za kwenye zidaka za Lamu na Unguja. Baadhi zilitoka Maastricht, mji wa Uholanzi, kiwanda cha Petrus Regout. Hizo ni za udongo, si kauri, tochi itakuambia. Zina wapenzi wake, ila usiziuze kwa jina lisilo lake.

Kwenye bei ndipo wengi hununa. Seti kamili ya watu 12 yenye dhahabu ukingoni, fahari ya bibi, leo ni ngumu kuuza: mashine ya kuoshea vyombo huila dhahabu, na kwenye maikrowevu hurusha cheche. Tazama bei zilizolipwa kwenye minada, si zinazoombwa. Bei za maduka yanayouza kipande kimoja kimoja kwa waliovunja chao ziko juu, na usizizidishe kwa idadi ya sahani zako. Sahani ziko tele. Bakuli la supu lenye kifuniko chake halisi ndilo hutafutwa. Dhahabu iliyofutika na michubuko ya visu hushusha bei, na viraka vilivyopakwa rangi mara nyingi huonekana chini ya tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Inunue hiyo kabla ya kitabu chochote cha mihuri.

Na ukisafirisha, simamisha sahani kwa ukingo, karatasi kati ya kila mbili. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wote.