Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya 2B

Pole sana dada. Nimekuelewa: daktari kasema mionzi pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani), mjomba anataka mwanze na miti shamba, na wewe unajiuliza mbona hawamfanyii upasuaji.

Nianze na hilo. 2B maana yake saratani imevuka shingo ya kizazi na kuingia kwenye tishu za pembeni, ila haijafika ukuta wa nyonga. Hapo ni vigumu kisu kuitoa yote, ndiyo maana wanachagua mionzi. Kwa kawaida ni mionzi ya nje kama wiki tano, dripu ya sisplatini, ndiyo dawa ya kemo, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, yaani chanzo cha mionzi huwekwa kwa muda kupitia ukeni, karibu na uvimbe wenyewe. Katika hatua hii bado wanalenga kuponya. Hiyo ya ndani msiiruke. Mama yangu mdogo alitaka kuishia njiani eti kwa kuwa damu imekata. Tulimbembeleza mpaka akakubali.

Mjomba mwelezeni kwa heshima: sisplatini huelemea figo, na baadhi ya miti shamba nayo huziumiza. Asipewe kitu daktari hajui.

Muulizeni daktari figo zikoje, damu inatosha, bima inalipa nini. Pangeni pia malazi mapema. Kama mnatoka mkoani kwenda hospitali ya Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza), wiki hizo ni nyingi.

Akitokwa damu nyingi, akipata homa au mkojo ukipungua, hospitali siku hiyohiyo.

Halafu, mama mwenyewe mmemuuliza anataka nini? Kwenye maelezo yako sijamsikia.