Je, Siki Inaweza Kuzuia Mbao Isioze?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala hapa Mafinga na kazi zangu nyingi ni za mbao za paini. Mteja mmoja ameniambia kuwa Ulaya wanatengeneza mbao za paini kwa kemikali ya jamii ya siki, nazo hukaa nje miaka mingi bila kuoza wala kupinda. Je, nikilowesha mbao zangu katika siki nitapata matokeo hayo?

Jibu: Ndugu fundi, mteja wako amesema kweli, lakini siki haitakusaidia. Dawa tuliyoizoea, ile inayoacha rangi ya kijani kwenye nguzo na mbao, ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki unaosukumwa ndani kwa mgandamizo ili uwaue fangasi na wadudu. Mbao yenyewe haibadiliki, hubeba sumu tu, na ndiyo sababu vipande vyake havifai kamwe kuwa kuni.

Njia unayoiulizia, iitwayo asetilesheni, huibadili mbao yenyewe. Selulosi, hemiselulosi na lignini zinazojenga kuta za seli zimejaa vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na haidrojeni, ambavyo huvuta maji. Ndiyo maana mlango uliofungika vizuri wakati wa kiangazi hukwama masika, na fangasi nao hupata unyevu wanaouhitaji. Kiwandani, mbao iliyokaushwa barabara huwekwa katika tangi la chuma kisichoshika kutu, hujazwa asetiki anhidridi (ndiyo ile kemikali ya jamii ya siki), kisha hupashwa joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Vikundi vya asetili, yaani vipande vinavyotoka katika anhidridi hiyo, hujishika mahali pa haidrojeni za haidroksili, uzito huongezeka kwa takriban asilimia 20, na kwa kuwa ukuta wa seli umekwisha kujazwa, kuvimba na kusinyaa hupungua kwa asilimia 70 hadi 80.

Siki ni asidi asetiki iliyozimuliwa kwa maji, na asidi hiyo ni mabaki ya mmenyuko huo, haiwezi kuuanzisha. Ukilowesha mbao humo utakuwa umeiongezea maji tu. Nakusihi pia usiitafute anhidridi ukaijaribu karakanani: mvuke wake huunguza macho na mapafu, hushika moto, na ikikutana na maji hutoa joto kali.

Wanakemia walianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1928, na katika miaka ya 1940 watafiti wa mbao Alfred Stamm na Harold Tarkow wa Madison, Marekani, waliliendeleza. Uzalishaji mkubwa ulianza mwaka 2007 mjini Arnhem, Uholanzi, kwa paini ya radiata, na mwaka uliofuata mbao hiyo ikajenga daraja la Sneek, huko huko Uholanzi, linalobeba magari ya hadi tani 60. Ukiipata siku moja, tumia skrubu zisizoshika kutu, kwa maana asidi kidogo hubaki ndani; hata ukiipasua kwa msumeno utasikia harufu ya siki. Kwangu mimi, faida yake kubwa ni kwamba mti unaokua upesi unapewa uimara ambao tumezoea kuutafuta kwenye mvule na mninga, miti inayochukua miongo mingi kukomaa.

Swali: Je, mbao inaweza kweli kupitisha nuru kama kioo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Inaweza. Lignini, inayoipa mbao rangi, huondolewa au hupaushwa, kisha matundu hujazwa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, inayopinda nuru karibu sawa na selulosi, hivyo nuru hupita badala ya kutawanyika. Watafiti wa KTH, chuo kikuu cha teknolojia cha Stockholm, Uswidi, na wa Chuo Kikuu cha Maryland waliitangaza mwaka 2016. Kasoro ni hiyo polima, ambayo mara nyingi hutokana na petroli, na si haki kukiita kitu kama hicho zao la msitu. Mwaka 2021 KTH walitumia badala yake polima ya limonene, mafuta yatokanayo na maganda ya machungwa, na utafiti wa namna hiyo ndio ningependa kuona ukipewa nguvu zaidi.