Kabla ya mmea, tuulizane kuhusu taa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mmea upi mmoja ambao msomaji angeupanda ili bustani yake isikose rangi wakati wa vuli, kwa maana ya majira ya majani kupukutika na si mvua ambazo wengi wetu huziita kwa jina hilohilo. Nimelisoma mara mbili na kuona kwamba siwezi kulijibu kabla ya kuuliza jambo jingine: mmea huo utapata usiku wa kweli? Rangi ya vuli huanza na giza linalorefuka, nasi tumelifukuza giza bustanini.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua krisantemu ya rangi ya shaba, iliyosheheni maua, nikaiweka katika chungu kikubwa kando ya mlango wa mbele, chini ya taa ya baraza. Maua yalipokwisha niliikata karibu na udongo kama inavyopasa, na ilipochipua tena nilikuwa na hakika kwamba vuli ingeikuta imechanua. Vuli ikaja. Mti wa mepo wa jirani ukageuka mwekundu, mtambaa wa ukutani ukafuata, na krisantemu yangu ikaendelea kutoa majani mabichi, mapana, yenye afya, bila tumba hata moja. Nikadhani ina njaa, nikaiongezea samadi. Ikazidi kunenepa majani. Nikadhani ina kiu, nikaimwagilia asubuhi na jioni mpaka udongo ukaota utando wa kijani. Mwishowe nikaikata ncha, jambo ambalo wakati huo wa mwaka ni kosa, kwa sababu kama palikuwa na tumba lililoanza kujitunga, nililiondoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi moja nilikisogeza chungu ili nifagie nyuma yake, nikaona upande ambao siku zote ulikuwa umejificha nyuma ya nguzo ya baraza. Kwenye tawi moja la upande huo palikuwa na matumba matatu, kila moja kama punje ya pilipili manga, na kwenye ncha ya lile kubwa palikuwa na ufa mwembamba uliochungulia rangi ya shaba. Upande unaoelekea mlangoni haukuwa na kitu. Nilisimama na fagio mkononi, nikaitazama nguzo, nikaitazama taa iliyo juu yake, nikaelewa. Taa ile iliwaka tangu magharibi hadi alfajiri, na ni tawi hilo peke yake lililolala kwenye kivuli.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo yao kwamba urefu wa mchana ndio unaoiambia mimea kadhaa wakati wa kutoa maua, na wengine waliokuja baada yao wakaonyesha kwamba kinachopimwa hasa ni usiku: mwanga wa muda mfupi tu katikati ya giza hutosha kuuharibu usiku mzima kwa krisantemu. Ndiyo sababu wakulima wa maua huifunika kwa kitambaa cheusi wanapotaka ichanue mapema, na huiwashia taa wanapotaka ichelewe. Majani nayo husikiliza ishara hiyo. Usiku ukirefuka na baridi ikiingia, mti huivunja klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, na kuirudisha naitrojeni ya majani hayo matawini; manjano yaliyokuwamo tangu mwanzo huonekana, na wekundu hutengenezwa upya kutokana na sukari ya siku zenye jua. Tangu hapo nimeuchunguza mti wa jirani kila mwaka: tawi lililo karibu na taa ya barabarani hubaki la kijani siku nyingi baada ya mengine kuwaka na kupukutika.

Nilikusudia kumalizia kwa kuwaomba wasomaji wote wazime taa za nje. Nimeshindwa kuliandika ombi hilo, kwa kuwa taa ya baraza letu iliwashwa na Mama kila jioni, kwa ajili ya mdogo wangu aliyerudi kazini usiku wa manane, na Mama hakuweza kulala akijua kwamba mwanawe atapapasa ngazi gizani. Sikumwambia aizime, na leo nisingemwambia mtu mwingine. Mwaka uliofuata nilikihamishia chungu nyuma ya nyumba mwishoni mwa kiangazi.

Kwa hiyo, pamoja na yote niliyoyalalamikia, jibu langu ni krisantemu, kwa masharti. Ipatiwe mahali penye jua mchana na giza kamili usiku kwa majuma manane hadi kumi, kutegemea aina yake. Isikatwe ncha baada ya katikati ya kiangazi. Na penye baridi kali ya kugandisha udongo, chungu kiingizwe ndani au mashina yafunikwe. Mwenye uwanja mpana asinifuate: apande mepo, au ginko, ambao majani yake ya manjano huweza kuanguka karibu yote kwa siku moja. Na kama nafasi pekee uliyo nayo ni chini ya taa ambayo mtu anaihitaji, usiutese mmea huo hapo.

Yangu ilichanua katika juma la tisa, mahali ambapo mgeni hapaoni. Mama huzunguka nyumba kila asubuhi ili kuyahesabu maua.